Mwenye Machozi na Mwenye Jembe

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu unayenisoma gazetini, juma hili napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu amewahi kulitolea hukumu, tena hukumu nzito, bila ya kulifikiri sana. Jambo lenyewe ni huruma.

Tazama watu wanavyopimana msibani. Mmoja anaingia uani huku analia kwa sauti, anaanguka, inabidi ashikwe na wenzake wawili na kupewa maji ya kunywa. Mwingine anaingia kimya, anatoa pole kwa maneno mawili, anauliza jembe liko wapi, kisha anaelekea makaburini. Chozi halimtoki. Jioni, watu wakishakaa barazani, wa kwanza anasifiwa kwamba ana imani. Wa pili anasemwa: roho yake ngumu yule, hata hakulia. Kwa maneno kama hayo undugu unavunjika, ndoa zinaingia ufa, na majirani wananuniana miaka kumi.

Je, hukumu hiyo ni ya haki? Mimi nasema si ya haki, na ushahidi wangu nitautoa katika historia ya sehemu moja ya nchi yetu, yaani bonde la Mto Rufiji, delta yake, na Kibiti. Nimefika huko mara kadhaa kwa kazi ya redio, lakini sikuichagua kwa sababu hiyo. Nimeichagua kwa kuwa katika muda wa miaka mia moja na ishirini hivi imepatwa na vita, njaa, mafuriko, watu kuhamishwa kwa amri, na mauaji ya kuvizia. Mahali palipojaribiwa namna hiyo panaweza kutufundisha mengi juu ya namna binadamu anavyoubeba uchungu wa mwenzake.

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Kiswahili hakikuwangoja wataalamu ili kijue kwamba watu hawafanani. Tunaye mwenye moyo mwepesi, tunaye mwenye roho ngumu, tunaye mkavu wa macho, tunaye mwenye imani, na tunaye yule tunayemwita mtu wa watu. Wahenga nao walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wakasema pia, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ukizitazama vizuri methali hizi mbili, utaona hazisemi jambo moja. Ya kwanza inahusu kujua hali ya mwenzako ilivyo. Ya pili inahusu kuusikia uchungu wake. Mtu anaweza kuwa na kimoja akakosa kingine.

Wataalamu wa elimu ya nafsi nao wamefika hapohapo kwa njia yao. Mwaka 1980 Mmarekani mmoja, Mark Davis, alitunga maswali ya kupima jambo hili, na hakulipima kama kitu kimoja. Aliyatenga mambo kadhaa. Liko la kujiweka mahali pa mwingine na kuyaona mambo kwa macho yake. Liko la kumjali na kumtakia nafuu. Na liko la tatu, nalo ni fadhaa inayompata mtu mwenyewe anapomwona mwingine katika shida: moyo unamwenda mbio, anatetemeka, akili inamruka. Baadaye wachunguzi walipolinganisha mambo hayo na tabia za watu, waliona kwamba mtu mpole, mwenye kupenda kupatana na wenzake, huelekea zaidi kwenye kujali. Mtu mwepesi wa wasiwasi na hofu huelekea zaidi kwenye fadhaa. Kwa nje wote wawili wanaonekana kuguswa. Kwa ndani hawako mahali pamoja.

Tofauti hiyo huonekana pale mlango wa kutokea unapokuwa wazi. Mwaka 1981, katika Chuo Kikuu cha Kansas, C. Daniel Batson na wenzake waliwaonyesha watu mwanamke aliyedhaniwa kupigwa shoti za umeme. Kwa kweli alikuwa akiigiza tu. Baadhi ya watazamaji waliambiwa kwamba wakishatazama kidogo wanaweza kwenda zao. Kisha wakaulizwa kama wako tayari kukaa mahali pa yule mwanamke. Waliojaa fadhaa, wengi wao waliponyoka walipoona njia ya kuponyoka. Waliojaa kumjali, wengi walikubali kuchukua nafasi yake ingawa njia ya kuondoka ilikuwa wazi. Maana yake ni kwamba machozi yanaweza kuwa ya kumlilia mfiwa, na yanaweza pia kuwa ya kujililia nafsi. Simlaumu mtu kwa maumbile yake. Nasema tu kwamba chozi peke yake si shahidi wa kutosha.

Sasa twende Rufiji. Mto huu unakusanya maji ya karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Kilombero na Luwegu hukutana na kuuzaa, Ruaha Mkuu huuongezea maji, halafu wote huteremka mpaka baharini na kugawanyika katika delta ya mikoko iliyo kubwa kuliko zote upande huu wa Afrika, yenye hekta zaidi ya elfu hamsini. Humo mna vijiji vya Salale, Msala, Maparoni, Mbuchi na Kiongoroni, ambako mtumbwi ndio miguu. Warufiji, Wandengereko, Wanyagatwa, Wamatumbi na Wangindo wamechanganyika katika nchi hiyo kwa muda mrefu.

Kwa mgeni mafuriko ni balaa tu. Kwa mkulima wa bondeni mafuriko ya kiasi yalikuwa rafiki, kwa sababu maji yalipokwisha kushuka yaliacha udongo wenye rutuba, na juu ya udongo huo ukalimwa ule msimu wa pili unaoitwa mlau. Shambani watu walijenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, wakalala humo kulinda mpunga na mahindi dhidi ya nguruwe, viboko na ndege. Maisha ya namna hiyo huanika tabia za watu mapema. Yuko asiyeweza kulala usiku kwa wasiwasi, naye ndiye anayesikia mnyama au maji kabla ya wengine. Yuko asiyetikisika, naye ndiye unayetaka ashike kasia wakati mkondo umechafuka. Kijiji chenye watu wa aina moja tu kisingedumu bondeni miaka miwili.

Mtihani mkubwa wa kwanza tunaoujua kwa tarehe ni ule wa 1905. Kinjikitile Ngwale, aliyekaa Ngarambe, aliwaambia watu kwamba maji atakayowapa yatazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Watu walikuwa wamechoshwa na kodi, viboko na kazi ya lazima katika mashamba ya pamba. Habari zilienezwa kwa minong'ono, na Wamatumbi walikuwa na neno lao kwa mnong'ono huo, Njwiywila. Mwezi Julai watu wa Nandete waling'oa pamba. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile pale Mohoro. Vita havikukoma, bali vilienea kusini yote.

Hapa pana jambo la kutazama kwa makini. Watu wa makabila zaidi ya ishirini, ambao wengine walikuwa maadui wa jana, waliushiriki uchungu mmoja na tumaini moja. Huko ndiko kuambukizana hisia, na nguvu yake si ndogo. Ni nguvu iliyomfanya Mngindo aukubali uchungu wa Mmatumbi kuwa ni wake, jambo ambalo miaka michache kabla lingekuwa gumu. Lakini kuambukizana hisia hakumpi mtu macho. Tarehe 30 Agosti 1905, pale Mahenge, maelfu waliikabili ngome ya Wajerumani wakiwa na tumaini lilelile, na bunduki za rashasha zikawafyeka. Baadaye Wajerumani waliteketeza chakula, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Wajerumani wenyewe walikiri vifo 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Siyasemi haya kuwadharau mashujaa wale. Nasema kwamba hisia zikishawashika watu wengi kwa pamoja, ndipo anapohitajika zaidi yule mwenye moyo wa taratibu, anayeweza kuuliza: na kesho tutakula nini? Mtu huyo mara nyingi huitwa mwoga au msaliti. Pengine ni kweli ni mwoga. Pengine naye ana huruma ya namna nyingine, huruma inayotazama mbele.

Wazee wetu walilijua hilo, na naamini ndiyo maana moja ya kuwapo kwa utani. Sisi wa mjini tumeugeuza utani kuwa mizaha ya mpira na ya daladala. Asili yake ni kazi, na kazi yake kubwa ni msibani. Mwaka 1944 Mwingereza R. E. Moreau, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza ndege katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alichapisha makala juu ya utani wa makabila ya Tanganyika, maana aliona ni jambo lililoenea kuliko wageni walivyodhani. Miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilikusanya habari za utani katika mijalada kadhaa. Wengi husimulia kwamba Wazaramo na Wanyamwezi walipata utani wao katika safari za misafara ya biashara, na kwamba Wangoni walifanya utani na watu waliopigana nao. Watu waliowahi kuumizana wakapeana ruhusa ya kuchezeana, na pamoja na ruhusa hiyo wakapeana wajibu wa kuzikana.

Mtani anafanya nini msibani? Anaingia wakati watu wote wameelemewa. Anamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, anachukua chungu jikoni, anajilaza njiani na kudai kwamba maiti haipiti mpaka alipwe. Mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Wakati huohuo mtani huyohuyo ndiye anayeshika kazi ambazo ndugu wa damu mikono inawatetemeka kuzifanya. Anachimba, anabeba, anahimiza chakula kiive, anawaambia watu mambo magumu ambayo wenyewe hawawezi kuambiana.

Angalia hekima iliyomo. Utani haukumwambia ndugu wa marehemu ajikaze awe mkavu wa macho. Wala haukumlazimisha mwenye macho makavu alie. Uliwagawia kazi. Mwenye uchungu aachwe na uchungu wake, na mwenye moyo uliopoa apewe mahali pake kwa heshima, hata akicheka. Kwa njia hiyo ubaridi wa mtu haukuhesabiwa kuwa ni ukatili. Ulihesabiwa kuwa ni huduma. Dini nayo, maana nchi ya Rufiji ni ya Waislamu wengi, ilifundisha subira, na kumkataza mtu kuomboleza kwa kelele na kujipiga. Kwa hiyo katika pwani yetu mtu aliyetulia makaburini alikuwa na njia mbili za kueleweka: ama ni mtani, ama ni mwenye subira. Mimi nadhani sisi wa leo tumezisahau zote mbili, tukabaki na kipimo cha machozi peke yake.

Mtihani wa pili ulikuwa wa namna nyingine. Mwaka 1968 Rufiji ilifurika vibaya, watu wakapoteza mazao na makazi. Mwaka uliofuata ilianza Operesheni Rufiji, ambayo kwayo wakazi wa bondeni walihamishiwa kwenye miinuko katika vijiji vipya vya ujamaa. Kusudi lilikuwa jema. Nani angetazama watu wamezungukwa na maji asitake kuwatoa? Aidha, katika vijiji hivyo ilikuwa rahisi zaidi kupeleka shule, zahanati na maji ya kunywa.

Lakini hapa ndipo kunguni wa kitanda wanapoingia katika habari. Kujali kulikuwapo, ila kule kujiweka mahali pa mkulima kulipungua. Aliyetazama kutoka ofisini aliona maji yanayoua. Mkulima aliona pia maji yanayolisha. Ardhi ya miinukoni ni ya mchanga na ya mvua tu, na mpunga wake ulikuwa kule chini. Matokeo yake ni kwamba watu wengi waliendelea kurudi bondeni kwa msimu, wakaacha nyumba kijijini na kwenda kulala kwenye madungu, mbali na shule na zahanati zilizojengwa kwa ajili yao. Mtafiti Kjell Havnevik, aliyeichunguza Rufiji kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu chake mwaka 1993, ameonyesha jinsi mipango iliyotoka juu ilivyopishana na akili ya mkulima wa bonde lile. Somo lake kwetu ni kwamba mtu anaweza kuwa na huruma nyingi na bado akakosea, kwa sababu huruma haikuuliza.

Sasa nakuja katika mtihani ambao wengi bado wanaukumbuka. Kuanzia 2015 hadi 2017, katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga, watu wapatao 40 waliuawa kwa kuviziwa, wengi wao wakiwa viongozi wa vijiji na vitongoji, pamoja na askari polisi. Tarehe 13 Aprili 2017, katika eneo la Mkengeni, Kibiti, askari 8 waliuawa katika shambulio moja. Pikipiki zikapigwa marufuku kutembea usiku. Viongozi wengine wa vijiji waliacha nyadhifa zao, wengine wakahama. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika juu ya mauaji hayo, alitoweka tarehe 21 Novemba 2017, na hajaonekana tena.

Jiulize, ndugu yangu, ilikuwaje kuwa jirani katika siku zile. Muuaji hakujulikana, basi kila mgeni alitiliwa shaka, na hata mwenyeji. Kwenda kukesha kwa mjane wa mwenyekiti wa kijiji kulikuwa na maana ya kuonekana uko upande gani. Kunyamaza nako kulikuwa na maana. Katika hali kama hiyo tabia za watu hutawanyika kama mchele uliomwagika. Mwepesi wa hofu anafunga mlango saa kumi na mbili, na moyoni analia. Mwenye moyo baridi anakwenda, anazika, anarudi, na watu wanajiuliza mbona haogopi, pengine anajua jambo. Yaani mwoga anahukumiwa kwa kutokwenda, na jasiri anahukumiwa kwa kwenda.

Nimekaa katika baraza nyingi tangu wakati huo, mjini na vijijini, nikasikia hukumu za namna hiyo zikitolewa bila kusita: fulani hakuja kutuzika, basi si mtu. Ningependa wanaosema hivyo wausikie uchunguzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, uliochapishwa mwaka 1973 na John Darley na huyu Batson niliyemtaja. Waliwachukua wanafunzi 40 wanaosomea uchungaji, wakawapeleka mmoja mmoja katika jengo jingine, na njiani wakamweka mtu ameinama anakohoa na kugumia. Wasiokuwa na haraka, 63 katika kila mia walisimama kumsaidia. Walioambiwa wamechelewa, ni 10 tu katika kila mia waliosimama. Wengine walikuwa wanakwenda kuzungumzia habari ya Msamaria Mwema, na bado walimpita.

Wanafunzi wale hawakuwa watu wabaya. Haraka iliwabana macho. Basi ikiwa haraka peke yake inaweza kumfanya mwanafunzi wa dini ampite mgonjwa, hofu ya risasi itamfanya nini mkulima wa Kibiti? Kwa sababu hiyo nasema kwamba tabia ya mtu ni kweli, lakini wakati nao ni kweli. Jirani aliyefunga mlango 2017 hatuwezi kumjua kwa mlango ule peke yake. Tumtazame alivyokuwa kabla, na tumtazame alivyofanya baada ya hofu kupungua. Je, alikuja siku ya arobaini? Alimkumbuka mjane wakati wa kulima? Huko ndiko kwenye kipimo.

Mtihani wa mwisho nitakaoutaja ni mafuriko ya 2024. Mvua kubwa zilinyesha nchi nzima, na tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa na zaidi ya 200,000 wameathirika. Rufiji na Kibiti zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizopigwa sana. Mohoro, palepale aliponyongewa Kinjikitile, maji yaliingia majumbani. Mashamba yalizama pamoja na mavuno. Ubishi mkali ukazuka juu ya Bwawa la Julius Nyerere, wengine wakililaumu, na serikali ikijibu kwamba chanzo ni mvua. Kabla watu hawajapumua, tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikaifikia pwani hiyohiyo.

Kazi yetu ya utangazaji ina desturi yake katika siku kama hizo. Kipaza sauti hukimbilia mwenye machozi. Anayelia anasikika vizuri redioni, lakini anayepiga kasia hasikiki. Kwa hiyo msikilizaji wa Dar es Salaam anaujua uchungu wa Rufiji kwa sauti ya kilio, naye anachanga nguo na unga, jambo ambalo ni la heri. Lakini hamjui yule mtu mkimya aliyevusha watoto na wazee katika mtumbwi siku tatu mfululizo, akakataa kuhojiwa kwa sababu maji yalikuwa yanapanda. Ukimwuliza alijisikiaje, huenda akakujibu: nilikuwa natazama mkondo. Jibu hilo halina machozi, lakini nani atasema halina huruma?

Hapo, msomaji wangu, usije ukanielewa vibaya. Sisemi kwamba machozi hayana thamani. Mfiwa anamhitaji mtu wa kulia naye. Yuko mjane ambaye amepewa unga, amejengewa choo, amelipiwa ada ya watoto, na bado anasema hakuna aliyekaa naye akamsikiliza. Mwenye moyo mwepesi ana kazi ambayo mkavu wa macho haiwezi. Wala sisemi kwamba kila aliye kimya ana huruma aliyoificha. Wako wasiojali kweli, na hao utawajua kwa sababu hawalii na wala hawachukui jembe. Ninachokataa ni kumpima kila mtu kwa kipimo cha mwingine.

Tena roho hufundishika. Tania Singer, Olga Klimecki na wenzao waliwafundisha watu wa kujitolea kuushiriki uchungu wa wengine waliowaona katika picha za filamu. Watu wale wakalemewa na huzuni. Kisha wakawafundisha kumtakia mwenye shida heri, kwa upole na kwa moyo wa kutaka kumsaidia. Nguvu zao zikarudi, na hata utendaji wa ubongo wao ukaonekana kubadilika. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014. Kwa maneno mengine, mtu anayevunjika kila aonapo msiba anaweza kufundishwa asivunjike, bila ya kugeuzwa kuwa jiwe. Nadhani mtani na mwalimu wa madrasa wangelisoma jambo hilo wakatabasamu.

Basi tufanye nini? Napendekeza mambo matatu, nayo si makubwa.

Kwanza, msibani na katika maafa tugawane kazi kama wazee walivyogawana. Asiyeweza kuliona kaburi asipelekwe makaburini kwa aibu. Akae na mfiwa, na akichoka apokelewe. Asiyeweza kulia apewe jembe, au daftari la ubani, au usukani, na asiulizwe machozi yake yako wapi.

Pili, wenye madaraka na wenye kutoa misaada wasiridhike na kuguswa tu. Waulize kabla ya kupanga. Nchi ya Rufiji imekwisha kuhamishwa kwa huruma isiyouliza, na haifai ihamishwe tena kwa namna hiyo. Mtu wa bondeni akiambiwa ahame kwa sababu ya maji, aulizwe kwanza atalima wapi.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, tuwape nafasi ya kurudi wale walioshindwa kuja wakati wa hofu. Palipopita mauaji kama yale hubaki madeni ambayo hayaandikwi popote. Huyu hakuja kunizikia mume. Yule alinipita njiani kama hanijui. Madeni hayo yakiachwa yalale, watoto watayarithi, nao watachukiana bila ya kujua kisa. Jirani akija leo na kuku wake na maneno yake mawili ya pole, miaka mingi baada ya siku yenyewe, apokelewe. Pengine ni leo tu moyo wake umepata nguvu.

Waswahili tuna neno dogo, pole, ambalo wageni hushindwa kulipata katika lugha zao. Tunamwambia aliyefiwa, aliyejikwaa, aliyechoka na safari, na hata anayefanya kazi. Halidai chozi kwa anayelisema, wala halimuulizi anayeambiwa kama amestahili. Mwenye moyo mwepesi anaweza kulisema, na mwenye roho ngumu anaweza pia. Linalobaki ni kutazama mkono unafanya nini baada ya neno hilo kutoka mdomoni.